Kunjo la Nusu Mwezi

Jumatatu, 12 Septemba
Mvua hakuna. Soya zinageuka njano.

Huo mstari wa juu ni wa Arlo, mume wangu. Shajara hii alipewa bure na kampuni ya mbegu, kila siku na ukurasa wake, na tangu Januari anaandika humo mvua tu. Nimemwambia aendelee na mvua yake, mimi nitachukua nafasi iliyobaki. Nisipoandika mahali nitapasuka.

Makasha yamefika leo, manane, ya picha thelathini na tano za chapa za Kimarekani za miaka ya 1900 hadi 1930. Ndiyo maonyesho makubwa kuliko yote yaliyowahi kufika mji wetu wa Oskamp. Kwa kanuni makasha hayafunguliwi siku ya kufika. Lazima yalale siku nzima yazoee hewa ya nyumba, la sivyo karatasi hujikunja. Joelle akalipiga kasha la kwanza kofi dogo na kuliambia, "Lala salama, mpenzi." Bosi, Bwana Roelofs, akacheka mpaka akavua miwani.

Miaka kumi na tisa napokea makasha katika makumbusho hii, na hakuna aliyewahi kucheka namna ile kwa neno langu.

Jumanne, 13 Septemba
Mvua hakuna. Upepo wa kusini.

Leo tumefungua. Nitaandika yote.

Picha hizi zinatembea na daftari lao. Kila mji zinapofika, msajili wa pale anaitoa picha moja moja, anaiweka mezani juu ya kitambaa cheupe, anainua kadi inayoizunguka na kuitazama karatasi yote. Akiona doa, tundu au mchubuko, anaandika kwa penseli. Akimaliza anatia sahihi, na msindikizaji aliyekuja na makasha naye anatia. Kitakachoonekana siku ya kuondoka na hakikuandikwa siku ya kufika, kimetokea mikononi mwako. Hakuna mjadala.

Msajili wetu ni Joelle Pruitt, miaka thelathini na mmoja, kutoka Chicago, ana miezi mitano hapa. Kazi hiyo niliingojea mimi tangu Bea, msajili wa zamani, alipostaafu. Mimi nakata kadi, natengeneza fremu, natundika, nashusha. Na leo nilishika taa.

Kushika taa ni kazi, wasikudanganye. Unaishusha mpaka iwe karibu kulala na meza, mwanga upite juu ya karatasi kwa ubavu, na kila kilichokunjika hutoa kivuli. Joelle alikuwa anataja, msindikizaji, Bwana Curtis Oyama, mtu mpole wa tai ya kijani, alikuwa anafuatilia kwenye daftari. Tukafika namba kumi na saba. Mwanamke anaanika nguo juu ya paa la jiji, ametupa mgongo, shuka inampiga usoni. Mchoraji ni Cora Haldane, 1912. Aliikwaruza kwa sindano kwenye bamba la shaba, na wino umenasa kwenye mikwaruzo laini kama manyoya. Niliipenda palepale. Huyo mwanamke ana mgongo wa mama yangu.

Joelle aliinua kadi, na wakati huohuo bosi akachungulia mlangoni. "Joelle, gazeti liko kwenye simu. Wanataka wewe."

"Wewe si ndiye bosi?"

"Mimi sina sura ya gazetini."

Joelle akageuka kumjibu. Nikasogeza taa. Na kwenye kona ya chini kushoto, pale kadi inapofunika, nikaliona kunjo. Dogo, la nusu mwezi, sawa na ukucha wa kidole gumba. Kila mtu wa kazi yetu analijua kunjo hilo. Linapatikana njia moja tu: mtu ameinua karatasi kwa mkono mmoja badala ya miwili. Daftari halikulitaja. Mji uliotangulia hawakuliona, au waliliona wakanyamaza.

Joelle akarudi, bado anacheka. Akapitisha macho. "Namba kumi na saba, doa moja la kahawia juu kulia, lilelile. Vinginevyo safi."

Nilimngoja. Nilihesabu mpaka kumi. Taa ilikuwa mkononi mwangu na sikuitikisa. Akatia sahihi, Curtis akatia sahihi, kadi ikashuka.

Sikusema. Nimekaa kimya kama maji mtungini. Acha aende na viatu vyake vyekundu vya ngozi na vicheko vyake. Siku ya kuondoka Curtis ataliona, na unga wake umwagike, nami nitakuwa nimesimama palepale na taa. Nina wivu. Nimeliandika, halinitoi roho.

Jumatano, 14 Septemba
Mvua nusu inchi.

Nimezitia zote kwenye fremu. Namba kumi na saba niliiacha ya mwisho. Kunjo bado lipo. Nililifunika kwa kadi yangu.

Jumamosi, 17 Septemba
Mvua hakuna.

Ufunguzi. Watu mia mbili na kumi. Bosi alimshukuru "Joelle na timu yake." Timu ni mimi.

Alhamisi, 22 Septemba
Mvua hakuna. Tunaanza soya kesho.

Joelle ameiweka namba kumi na saba kwenye bango. Sasa mwanamke wangu yuko kwenye dirisha la benki na la duka la mikate. Nilimuuliza kwa nini ile. Akasema, "Sijui, ule mgongo tu. Unajua ana mtu nyumbani." Hata hilo ameliona. Angekuwa mjinga ningepumua.

Jumanne, 4 Oktoba
Mvua hakuna. Soya ekari arobaini.

Joelle ameanza darasa la chapa Jumamosi, watu wazima wanachonga ubao na kusugua karatasi kwa mgongo wa kijiko cha mbao. Limejaa mpaka Novemba. Miaka minane iliyopita nilipeleka wazo hilohilo kwa bosi, akasema Oskamp hawana hamu na mambo hayo.

Nilimwambia Arlo. Akasema, "Labda wewe ulilipeleka na uso wako huo."

"Uso gani?"

"Huo."

Jumapili, 9 Oktoba
Mvua hakuna. Vumbi.

Namtazama Joelle anavyokula. Anakula amesimama, tufaha na jibini, kwenye ngazi za nyuma. Mwanamke mzima hana sahani.

Jumatano, 12 Oktoba
Mvua hakuna. Soya zimekwisha.

Na vidudu vimekuja, vile vyekundu vyenye madoa. Soya zikishavunwa vinatafuta nyumba ya kulala baridi, vinaingia kwa maelfu. Jikoni kwangu vimo kwenye taa, vimo kwenye sukari. Makumbusho tumeziba madirisha kwa utepe wa gundi. Joelle hajawahi kuviona. Kimoja kilimwuma shingoni akaruka, akaniambia, "Wilma, mbona hamkuniambia kwamba vinauma?" Nikasema hakuuliza.

Jumanne, 18 Oktoba
Mvua robo inchi.

Leo asubuhi Joelle ana uso wa majivu. Jana tulikuwa tumefunga, lakini yeye alikuja peke yake. Nilimuuliza kama anaumwa. Akasema hajalala.

Jumatatu, 24 Oktoba
Mvua hakuna. Mahindi bado yana maji.

Sijui nianzie wapi. Nimechonga penseli mara mbili.

Makumbusho imefungwa Jumatatu, lakini Joelle alinipigia simu akaniomba nije. Nilimkuta chumba cha fremu, ameketi kwenye stuli yangu, namba kumi na saba iko mbele yake bila fremu.

Akasema, "Funga mlango."

Nikafunga.

"Jumatatu iliyopita niliona kidudu ndani ya kioo. Kile chekundu. Kilikuwa kinatembea juu ya shuka yake, Wilma, na nikaogopa kitaacha uchafu. Sikutaka kukusumbua siku yako ya kupumzika. Nikaifungua mwenyewe. Kidudu kikaruka, nikataka kukiwahi, nikainua karatasi kwa mkono mmoja. Mkono mmoja! Mimi! Kitu cha kwanza wanachokufundisha." Akageuza karatasi kwangu. "Ona."

Nikaona. Nusu mwezi wangu, palepale nilipouacha.

"Unakumbuka kuishika hapo?" nilimuuliza.

"Nakumbuka mkono mmoja. Kona ya chini. Nadhani kushoto. Ni lazima iwe kushoto, si unaona lilipo?"

Halafu akanieleza habari ya Chicago. Hakuhama kwa kupenda hewa ya mashambani. Kule alisahau kuandika mchaniko mmoja kwenye daftari, mwenye picha akalalamika, wakamwambia atafute pengine. Bosi wetu anajua, alimpa nafasi ya pili. "Ya tatu haipo," akasema. "Watu wa kazi hii tunajuana wote."

Alikuwa anatazama vidole vyake wakati wote. Nilikuwa na sentensi moja ya kusema: lilikuwepo. Neno moja tu, hata mtoto analiweza. Nikafungua mdomo, nikasema, "Pole."

Akanishika mkono. "Asante kwa kutonifokea."

Nimerudi nyumbani nikaosha vyombo vilivyokuwa safi. Nilidhani nitafurahi. Nilifurahi kweli, njia nzima hadi kwenye ghala la nafaka, nikaimba hata na redio. Baada ya hapo furaha ikakatika kama umeme.

Jumanne, 25 Oktoba
Mvua hakuna.

Sikusema.

Jumatano, 26 Oktoba
Mvua hakuna.

Sikusema. Aliniletea kahawa, anajua sasa kwamba sitii sukari.

Jumapili, 30 Oktoba
Baridi kali. Barafu kwenye ndoo.

Nilijisemea nitamwambia kesho asubuhi, nijitie kwamba nimekumbuka ghafla. Mtu anaweza kukumbuka ghafla.

Jumatatu, 31 Oktoba
Mvua hakuna. Mahindi ekari sitini.

Nilikuwa tayari, naapa. Nilikuwa nimevaa koti niende kwake. Bosi akapiga simu kwa kila mfanyakazi: maonyesho haya yamevunja rekodi ya wageni, na kamati imeamua Joelle awe msaidizi wake kuanzia Januari. Ofisi ya kona. Ile yenye dirisha linalotazama mto.

Nikavua koti. Miaka kumi na tisa! Nani amezitengeneza zile fremu? Nani anajua kwamba ukuta wa kaskazini unatoa unyevu mwezi wa nne? Nilikaa mezani na hamu ya kuvunja kitu. Niliangalia vikombe vyote nikakosa kimoja nisichokihitaji.

Alhamisi, 10 Novemba
Mvua inchi moja, ya baridi.

Joelle ameacha kula hata lile tufaha. Akitembea kwenye ukumbi anapita namba kumi na saba bila kuitazama. Wageni wanaona msichana mchangamfu. Mimi naona anavyoingiza mikono mifukoni kila akikaribia ukuta ule. Zamani nilimtazama kutafuta kosa, sasa namtazama kwa sababu siwezi kuacha. Viatu vyake vyekundu vimepasuka soli, amevigundisha kwa gundi yetu ya kadi. Kumbe hana vingine.

Alhamisi, 17 Novemba
Theluji ya kwanza, haikukaa.

Sikusema.

Jumatano, 23 Novemba
Mvua hakuna. Mwambie.

Nimesoma mstari wa juu mara nne. Ni mwandiko wa Arlo, herufi zake za kupinda, penseli yake nene.

Nilimfuata banda la trekta. "Unasoma shajara yangu?"

"Naandika mvua," akasema. "Macho yanashuka yenyewe."

"Tangu lini?"

"Tangu soya."

"Na hukusema kitu?"

"Wewe je?" Akaendelea kufuta mikono. "Nimemwalika kesho, aje kula na sisi. Nilimkuta dukani ananunua bata mzinga wa mtu mmoja. Sijui hata kama wanauzwa."

Alhamisi, 24 Novemba, Sikukuu ya Shukrani
Jua. Nyuzi ishirini na mbili za Farenhaiti, baridi.

Alikuja na pai ya boga ya kununua, akaona aibu alipoona zangu tatu. Arlo akala ile ya kununua, vipande viwili, ili kumfurahisha. Joelle alicheka vizuri mara moja tu, Arlo alipomwambia kwamba mimi hukata hata mkate kwa rula.

Baadaye tulikuwa tunakausha sahani. Akasema, "Jumanne Curtis akifika namwambia mwenyewe kabla hajafungua daftari. Halafu naondoka. Nimeshazungumza na bosi kidogo."

"Umemwambia nini?"

"Kwamba nikiondoka asitangaze kazi. Kwamba ilikuwa yako tangu mwanzo, na kila mtu alijua isipokuwa mimi. Ningejua nisingeomba, Wilma. Kwa kweli." Akaweka sahani kwenye rafu isiyo yake. "Amekubali. Utaanza Desemba, na ile ofisi ya kona utakaa wewe."

Basi ndivyo mambo yalivyo. Nikifunga mdomo siku tano tu, napata kila nilichokitaka, na kutoka mkononi mwake. Nilisimama na kitambaa. Sikusema. Naandika hapa nione lilivyo: sikusema.

Jumapili, 27 Novemba
Mawingu. Mwambie.

Siku ya mwisho ya maonyesho. Jioni, watu walipotoka, nilisimama mbele ya mwanamke wa paa. Yeye hageuki. Ana shuka zake.

Nimejaribu kuona nafsi yangu kwenye ofisi ya kona. Naona dirisha, naona mto, naona kiti. Simuoni aliyekaa.

Jumanne, 29 Novemba
Theluji inchi mbili.

Nimekuja na shajara hii kazini, ndani ya mfuko wa chakula.

Tulikuwa wanne kwenye chumba cha makasha: Curtis na tai yake ya kijani, bosi, Joelle, na mimi na taa. Joelle akasema kabla ya picha ya kwanza kutoka, "Bwana Oyama, kuna jambo kwenye namba kumi na saba. Ni langu."

Nikasema, "Si lake."

Bosi akasema, "Wilma, mwache amalize."

"Si lake. Lilikuwepo. Nililiona tarehe kumi na tatu Septemba nikiwa nimeshika taa hii hii, alipogeuka kukujibu wewe habari ya gazeti."

Curtis ndiye aliyesema kwanza, kwa upole. "Bibi Ter Horst, nakuelewa. Unataka kumsaidia mwenzako. Lakini lazima kiwe kimeandikwa siku ile."

"Kimeandikwa," nikasema. Nikaitoa shajara, nikaifungua ukurasa ule, nikaiweka juu ya kitambaa cheupe chini ya taa.

Akasoma mvua ya Arlo. Akasoma chini. Nilimwona akifika kwenye kunjo, akaitikia kwa kichwa, kisha akaendelea, na masikio yake yakawa mekundu. Akarudi nyuma kurasa kadhaa, akatazama mbele, akaona tarehe zilivyochapwa na mvua ilivyojazwa kila siku kwa mkono mwingine.

"Inatosha," akasema. "Nitailinganisha na picha zetu za mji uliotangulia, lakini inatosha. Nitahitaji nakala ya ukurasa huu. Utakaa kwenye daftari."

"Ile sehemu ya kunjo," nikasema.

"Ukurasa mzima. Ushahidi haukatwi." Akanyoosha tai yake. "Kuna miji mitano bado. Kila msajili atausoma. Samahani."

Joelle akanyoosha mkono akauvuta. Nilitaka kuufunika na sikuufunika. Alisoma polepole, nikajua kila mstari anapofika: viatu vyekundu, vicheko, unga wake umwagike. Kisha akafungua ukurasa wa Oktoba, ule wa siku aliyoniambia nifunge mlango. Huo hakuusoma wote. Alisoma neno langu moja, pole, akaufunga.

"Wiki sita," akasema. "Wiki sita naitazama mikono yangu, Wilma. Nikioga naitazama. Nimewaambia wazazi wangu."

"Najua."

"Hujui."

Ni kweli. Sikujua, niliona tu.

Bosi akavua miwani, safari hii hakucheka. "Unaelewa kwamba ile kazi ya Desemba sasa haiwezekani."

Nikasema naelewa. Roho iliniuma kama jino, sitadanganya hapa mahali pekee ambapo sijadanganya. Bado naitaka ile ofisi. Bado nikimwona Joelle amesimama pale na soli yake ya gundi, bosi akimwekea mkono begani, kijicho kinanipanda. Nilidhani kusema kutaking'oa.

Curtis akapeleka ukurasa kwenye mashine ya nakala. Tulisikia ikivuma chumba cha pili. Aliporudi, Joelle akachukua penseli, akaandika kwenye daftari, kwa herufi zilizonyooka: kunjo la nusu mwezi, kona ya chini kushoto, lilikuwepo wakati wa kufika, tazama kiambatisho. Kiambatisho ni mimi.

Nikaiweka taa mezani nikaanza kukunja aproni yangu.

"Unakwenda wapi?" akauliza Joelle. Hakuniangalia.

"Nilidhani..."

"Zimebaki thelathini na nne. Nani atashika taa, Roelofs?" Akavaa glavu, akaitoa namba moja kwa mikono miwili, akailaza juu ya kitambaa. "Shusha. Zaidi. Na ukiona kitu, sema."

Nikaishusha taa mpaka ikakaribia kulala na meza. Kwenye namba nne niliona mkwaruzo, nikasema. Kwenye namba kumi na moja niliona unywele, nikasema. Hakujibu hata mara moja, ila kila nilichosema alikiandika. Tulimaliza saa kumi na nusu jioni, nje kumekuwa kweupe kwa theluji.